Aliyemtaka Kamanda

Jumatano saa nne asubuhi Mama Dickson alikuwa anawagawia mbwa maji kwa kikombe. Bomba la mtaa wao hapo Newala lilikuwa kavu kwa siku tisa, kwa hiyo kila mbwa alipata vikombe viwili, na yeye mwenyewe aliacha kufua. Kwenye banda lake la mbwa waliotupwa walikuwa wamebaki wanne. Wale koko wadogo walichukuliwa upesi, maana wakulima waliwataka wakafukuze ngedere mashambani. Kamanda hakutakwa na mtu. Alikuwa wa ile mbegu ya polisi, mkubwa, masikio wima. Alipokuwa analinda ghala la korosho la Mzee Walter alimng'ata kuli mmoja, Lameck, na Lameck akafa.

Bwana mifugo, Chrispin, alishasema kwamba Kamanda asipopata wa kumchukua, Ijumaa atachomwa sindano ya kufa.

Lameck aliingia kwa mlango wa uani, amevaa shati alilozikwa nalo.

"Shikamoo, Mama Dickson."

"Marahaba, baba. Mguu je?"

"Bado unavuja."

Akampa kigoda na kitambaa safi. Lameck akasema amekuja kumchukua Kamanda.

"Wewe?"

"Tulikuwa tunakula wote makoko ya ugali pale ghalani. Siku ile alipomaliza kuning'ata, alinilamba."

Mchana Chrispin akafika na pikipiki, fomu kwapani.

"Lameck! Si tulikuzika? Mimi mwenyewe nilibeba jeneza. Ulikuwa mzito, kaka."

"Nilikuwa sijala siku mbili."

"Basi zilikuwa mbao."

Alipoambiwa Lameck anamtaka Kamanda, akakaa chini, akaanza kusoma maswali ya fomu. Je, mnyama amewahi kung'ata mtu?

"Ndiyo. Mimi."

"Ilikuwaje?"

"Mzee Walter alisema nimeficha korosho mfukoni. Akamfungua, akamwambia kamata. Mbwa akagoma. Akaambiwa tena, akagoma. Akapigwa teke, ndipo akaja. Mfukoni nilikuwa na leso."

Kwenye taarifa ya kifo kuliandikwa kwamba mnyororo ulikatika. Chrispin aliipitia fomu mpaka chini.

"Fomu inauliza habari za mbwa tu," akasema. Akaandika: Ndiyo, mara moja.

Ilibaki barua ya mtendaji wa mtaa, kwamba mwombaji ni mkazi. Lameck akaenda kuifuata kwa mguu ule ule. Alirudi Alhamisi. Mtendaji alimpokea vizuri, alimpa kiti, akafungua daftari la wakazi. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari.

"Kasema nithibitishe makazi."

"Si unayo?" Mama Dickson akauliza.

"Ninayo, mama. Makaburini, upande wa Waanglikana. Hakuna namba za nyumba."

Mkewe alisharudi kwao Lukuledi na watoto, na Lameck hakutaka kumwandikisha mbwa kwake na kumwongezea mdomo wa kulisha. Mama Dickson akaomba aandikwe yeye. Chrispin akasema mtunzaji haruhusiwi, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Ijumaa Chrispin alikuja mapema. Hakuwa na haraka. Alimkuna Kamanda shingoni mpaka akafumba macho, ndipo akachoma. Mama Dickson alikipakata kichwa chake. Baadaye Chrispin alichimba shimo mwenyewe, kwa sababu mama yule anaumwa mgongo, na alilichimba refu ili fisi wasifukue.

Jumamosi asubuhi Lameck akapita na Kamanda pembeni yake, bila kamba.

"Tumekuja kuaga."

"Barua wamekupa?"

"Haihitajiki tena."

Mama Dickson akawafungia makoko ya ugali kwenye karatasi. Akawasindikiza mpaka njia kuu, taratibu, kwa ajili ya mguu.

Hao wawili wakapitia ghalani; msimu wa korosho ulikuwa umeanza na ghala limefunguliwa. Makuli waliobeba magunia waliwapisha. Mzee Walter alikuwa amesimama kwenye mizani.

"Shikamoo, mzee," Lameck akasema, kama alivyozoea.

"Marahaba." Mzee Walter alikuwa anamtazama mbwa. Alimzunguka, akamkagua meno na kifua, akaridhika. "Huyu anafaa. Mimi natafuta wa namna hii, makuli wa mwaka huu ni wezi tupu. Unamuuza?"

Lameck akajibu hapana.

"Basi ukisikia mwingine, niambie," akasema Mzee Walter, akageuka kupima gunia lililofuata.