Kahawa ya Bwana Yaqdhan

Wijdan, mtoto wa mama yangu mdogo, alipozaliwa walisema ni msichana. Yeye anajijua mwanamume, na Ulaya alikosoma daktari alimwanzishia sindano za homoni. Alirudi Muscat kumuuguza baba yake, na huku damu ikamwia nzito kwa sindano zile: kichwa kinamgonga, macho yana ukungu. Asipopatikana daktari wa homoni wa kumpangia upya dawa, damu itaganda.

Kliniki ya homoni tuliyoipata ilishatufukuza kabla. Mara daktari kasafiri, mara mashine mbovu. Walionifunga mdomo pale nilipolalamika nnawakumbuka mmoja mmoja.

Siku hiyo Shatha wa mapokezi alikishika kitambulisho kwa ncha za vidole. "Hiki cha mwanamke. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe mimi."

Akamtazama ndevu, akacheka na mwenziwe. "Daktari hana nafasi."

Nikaanza kupandisha sauti. Wijdan akanibana mkono. "Dada Masouda, wacha. Watatutoa nje, na kichwa nitaondoka nacho." Akaomba kuonana na meneja.

Meneja, Bwana Yaqdhan, wazee wake wa Unguja kama wetu, alisikia Kiswahili akafurahi. Watoto wa nani nyie? Mama hajambo? Akatumiminia kahawa kwa mkono wake. Nikajua: tutakunywa, tutasindikizwa kwa heshima mpaka mlangoni, na daktari hatumwoni.

Wijdan akaipokea finjani, akaiweka mezani. Hakuigusa tena.

Oman nzima inajua maana yake. Mgeni asiyeinywa ana haja, na kahawa ile ikirudi jikoni imejaa, aibu ni ya mwenyeji.

"Kunywa, mwanangu."

"Nna haja, ami. Daktari anione leo."

"Mambo ya mabedui hayo! Sisi watu wa Unguja."

"Basi chai ya maziwa na mandazi viko wapi, ami?"

Akacheka bila ya kutaka. Halafu akashusha sauti. "Unajua watu watasema nini?"

"Wananisema tangu mdogo. Hajatokea hata mmoja akasema, huyu apimwe damu."

Mimi ningeshaipindua meza. Yeye katulia, jasho linamtoka kwa maumivu, mikono juu ya magoti. Nimekwenda kwenye mabaraza mengi ya watu wenye midomo, nami wa kwanza wao. Ushujaa kama ule sikuuona.

Shatha akaingia na karatasi, akaiona finjani imejaa, akaganda mlangoni. Akamtazama bosi wake. Bwana Yaqdhan akakohoa, akainua simu.

Daktari Ghadeer, yule wa homoni, hakuuliza kitambulisho. Aliuliza kichwa kinauma upande gani, akatoa damu, majibu yalipokuja akapunguza kipimo cha sindano, akaeleza kwa nini.

Wijdan alishusha mkono wa shati. "Na mwezi ujao, daktari, nirudi kwa nani?"

"Kwangu."

"Wale wa mapokezi je?"

Daktari akaandika namba yake mwenyewe ya simu, akampa.