Mkanda wa Toleo la Tisa

Tableti ya Imaculata ililia Jumamosi asubuhi, saa mbili na nusu, juu ya friji ilikokuwa imekaa tangu Januari. Haika aliruka, chai ikamwagika. Kila Jumapili alikuwa akiichaji bila kuifungua, kama mtu anayemwagilia maua ya jirani aliyesafiri, na muda wote huo haikuwahi kutoa hata mlio. Sasa ilitetemeka juu ya bati kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Aliishusha. Kwenye kioo palikuwa na maneno ambayo dada yake alijiandikia mwenyewe siku chache kabla ya kufa: MIKANDA 12. LEO NDIYO MWISHO WA KUTUMA. USIZEMBEE, IMMA.

Haika hakuhitaji kuuliza ni mikanda gani. Kwa miaka saba aliyoishi na dada yake katika ile nyumba ya kupanga ya Saint Paul, Marekani, alikuwa amesikia habari za Kasa Futatsu mpaka masikio yakaota sugu. Walikuwa wasichana wawili wa Japani, Chinatsu na Honoka, na jina lao maana yake ni miavuli miwili. Walikuwa wametoa CD kumi na mbili, moja moja, kwa miaka tisa. Kila moja ilikuja na mkanda wa karatasi ngumu uliozungushwa kwenye kasha, wenye maandishi ya Kijapani upande wa nje na kipande cha picha upande wa ndani. Imaculata, muuguzi aliyekuwa akifanya zamu za saa kumi na mbili huko Maplewood, mwanamke mzima wa Kibosho aliyeimba sauti ya kwanza kanisani, aliitunza mikanda hiyo kwenye kopo la biskuti kama vyeti vya ubatizo. Haika alikuwa akimtania kwamba wale wanaimba kama paka wawili ndani ya gunia moja. Imaculata hakuwahi kukasirika. Alikuwa akiongeza sauti tu.

Mwezi wa Desemba zilitoka habari kwamba Kasa Futatsu wanaagana. Lingetoka toleo moja la mwisho lenye nyimbo zote, na ndani yake kijitabu chenye majina ya mashabiki waliotuma mikanda yote kumi na miwili. Si picha za mikanda, bali mikanda yenyewe. Imaculata alipiga vigelegele jikoni peke yake.

Haika alilivuta kopo kutoka chini ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia tena. Mlikuwa na fomu iliyokwisha kujazwa, IMACULATA kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na bahasha yenye anwani ya Tokyo. Duka la kutuma vifurushi lilifungwa saa nane mchana siku za Jumamosi. Alipanga mikanda sakafuni, mmoja chini ya mwingine, na picha ikaanza kujitokeza: mtaa wenye mvua, na mwavuli mmoja mkubwa. Katikati ya mwavuli palikuwa na pengo. Mkanda wa tisa haukuwepo.

Na huo wa tisa ndio uliokuwa na kisa. Toleo la tisa liliuzwa siku moja tu, mlangoni mwa ukumbi mmoja wa Japani, na halikuwekwa mtandaoni. Imaculata alilitafuta miaka minne. Lilimfikia kwa posta siku tatu kabla damu haijaganda kwenye mapafu yake, na Haika alikumbuka kasha likiwa mezani, limefunguliwa, siku watu walipojaa nyumbani kwa msiba. Kasha alilipata rafuni. Mkanda hakuuona.

Alimpigia simu Kerubo. Huyu alikuwa Mkenya wa kwaya yao, mtu mzima kidogo, ndiye aliyekuwa ameshika jiko na nyumba siku zote za msiba. Haika alimweleza haraka haraka: karatasi ngumu, rangi ya chungwa, maandishi ya dhahabu.



"Kerubo? Dada, uko?"

"Niko. Haika, ile karatasi niliikata."

Ilikuwa hivi. Jioni ile ya sala watu walikuwa wanahangaika kutafuta nyimbo, kila mtu anataja namba yake. Wengi walisoma kwenye simu, lakini vitabu vilikuwa vinne. Kerubo aliona kikaratasi kizuri mezani, akadhani ni kifungio cha zawadi, akachukua mkasi wa jikoni na kukikata vipande vinne awekee vitabu alama. Kipande kimoja kilikuwa kwenye kitabu chake. Kingine kwa Duncan wa Fridley, kingine kwa Jeptoo, wanakwaya wenzao. Cha nne hakukumbuka.

Haika alisema yuko njiani.

Kerubo alimngojea kwenye maegesho ya Maplewood na sare zake za hospitali, ametoka zamu ya usiku, kipande kimoja mkononi akikishika kwa ncha za vidole kama kinyago cha kioo. Hakusema samahani. Alifungua mlango wa gari, akaketi, akafunga mkanda wa usalama.

"Twende. Nilikata mimi, siwezi kulala."

Lilikuwa gari la Imaculata, la zamani kiasi cha kuwa na mahali pa CD. Haika alikuwa amezibeba zote kumi na mbili bila kujua kwa nini. Kerubo, asiyependa gari lenye ukimya, aliitia ya kwanza. Sauti mbili nyembamba zikaingia, ngoma ya haraka nyuma yake, na Kerubo akauliza kama hao watoto wamekula. Walipofika kwenye barabara kuu alikuwa ameshaitoa na kutia ya tatu. Kwenye ile ya sita, iliyorekodiwa nje mvua ikinyesha kweli, alikuwa anapiga kiganja kwenye paja. Alisema huyu wa sauti ya chini angefaa sana kwaya yao, tatizo tu ni umbali.

Duncan alikuwa nje ya jengo lake, chini ya gari, miguu tu ikionekana. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani na mwimbaji wa besi, na hakuna jambo ambalo angelifanya bila kwanza kulifanyia mzaha. Alitoka taratibu, akafuta mikono, akasikiliza habari yote, kisha akaingia ndani na kurudi na kitabu kifuani.

"Kwanza niambie ukweli," alisema. "Hii si tiketi ya bahati nasibu? Isije ikawa nawapa mamilioni yangu hapa nikiona."

"Duncan, tafadhali. Samahani, tuna haraka sana."

"Ona sasa. Nyinyi watu wa Bongo mnaomba samahani hata kwa mlango."

"Duncan, nitakugonga na hiyo spana," alisema Kerubo kutoka garini.

Alikitoa kipande. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: nunua mafuta ya breki. Alipoona uso wa Haika mzaha ulimwishia. Alikimbia ndani akaleta kifutio, na kilipofanya wino uzidi kuchafuka akaweka kile kifutio mfukoni na kusimama tu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Imma ndiye aliyemfundisha kuhesabu mapigo kabla ya kuingia kwenye wimbo, na kwamba hao Wajapani wakikataa kwa sababu ya mafuta ya breki wampigie yeye.

Ilikuwa saa tano na robo. Jeptoo alikuwa kazini Shakopee, kwenye ghala kubwa la bidhaa, na mapumziko yake yalikuwa saa sita kamili, nusu saa tu. Haika alikanyaga mafuta. Kusini mwa Minneapolis magari yalibanana, Kerubo akawa anamwonyesha nafasi za kupenya kama kocha wa mpira, nenda sasa, sasa, ngoja, sasa. Ndipo akatia toleo la tisa.

Haika hakuwahi kulisikia. Ulikuwa wimbo wa haraka kuliko yote, wale wawili wanapokezana neno kwa neno, kasi inaongezeka, inaongezeka, mpaka mmoja akajikwaa na kucheka katikati ya mstari. Mwenzake naye akacheka. Waliorekodi hawakukifuta kicheko. Ngoma iliendelea bila wao, ikawangoja, na wao wakarudi wakiwa bado wanahema, wakaumaliza wimbo kwa nguvu kana kwamba wameiba kitu na hawajakamatwa.

Haika naye alicheka. Alicheka mpaka macho yakamlowa na ikabidi Kerubo aushike usukani kwa mkono mmoja. Alielewa kwa nini mtu angeutafuta wimbo huo miaka minne. Alitaka kumwambia mtu, na mtu aliyetaka kumwambia hakuwepo, na hata hivyo furaha haikuondoka. Aliurudisha mwanzo. Waliusikiliza mara tano mpaka Shakopee, na mara ya tano Kerubo alikuwa anaitikia maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote.

Jeptoo alitoka mbio na fulana yake ya kung'aa, akavuka maegesho mpaka kwenye gari lake, akachomoa kitabu cha nyimbo kutoka kwenye kidroo cha dashibodi. Kipande kilikuwa palepale alipokiweka Kerubo, safi, kimenyooka. Haika alikipokea kwa mikono miwili. Walivilaza vitatu kwenye boneti, Kerubo akivizuia visipeperuke, na ile sehemu ya katikati ya mwavuli ikaungana isipokuwa pembe moja ya kulia.

"Bado kimoja," Haika alisema. "Jeptoo, kumbuka. Nani mwingine alikuwa na kitabu siku ile?"

Jeptoo aliangalia chini. Alikuwa msichana mpole, mwenye umri wa Haika, na ilionekana alitamani mwingine ajibu.

"Si ni kile cha Imma mwenyewe? Kilikuwa mezani. Wewe uliimbia hicho."

Haika alikumbuka. Alikumbuka jalada la bluu, kona iliyochakaa, na chumba cha wahudumu wa mazishi pale Saint Paul asubuhi ya kuusafirisha mwili. Mama alikuwa amesema kwenye simu kutoka Kibosho kwamba mtoto asije mikono mitupu, awekewe rozari na kitabu chake. Haika ndiye aliyekiweka. Aliuinua mkono wa dada yake, akakilaza chini yake bila kukifungua.

Malori yalipita. Jeptoo alikuwa amebakiwa na dakika kumi na mbili za mapumziko na hakugeuka kurudi ndani.

"Basi kipo," Haika alisema mwishowe. "Hakijapotea. Kipo kwa mwenyewe."

Kerubo alimtazama, akiwa tayari kumshika kama angeanguka. Lakini Haika alikuwa anatafuta gundi ya karatasi kwenye mkoba. Hakuwa na gundi. Jeptoo alikimbia ghalani akaleta utepe mwembamba wa kufungia maboksi, na juu ya boneti la moto walivibandika vile vipande vitatu, wakaiacha ile pembe wazi kama ilivyo. Fomu ilisema mikanda iwe mizima. Haika aliisoma tena, akaikunja. Saa ilikuwa sita na nusu.

Walifika dukani saa nane kasoro dakika nane. Haika aliomba kalamu, akaandika kwa Kiingereza chepesi, nyuma ya karatasi ya zamu za Kerubo kwa kuwa hapakuwa na nyingine, kwamba mkanda wa tisa ulikatwa kwa bahati mbaya na watu waliokuwa wakimwombea mwenye jina. Vipande vitatu vimo humu. Cha nne amekwenda nacho mwenyewe, kimo ndani ya kitabu chake cha nyimbo, chini ya mkono wake. Alisita, kisha akaongeza kwamba kicheko kwenye toleo la tisa ni kizuri sana. Akaibandika bahasha.

Nje, Kerubo aliegemea gari akasema sasa angeweza kulala hata wima. Hakulala. Walisikiliza la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili, wameegesha palepale, madirisha wazi.

Kifurushi kilikuja Novemba, theluji ya kwanza ikiwa bado laini. Kutoka Tokyo hakikuja na barua wala maelezo, ila kasha jeupe la toleo la mwisho na kijitabu kinene. Haika hakuthubutu kukifungua peke yake. Alikipeleka kwa Kerubo, na Duncan na Jeptoo walikuwa wameshafika, viatu vimejaa mlangoni.

Majina yalikuwa maelfu, madogo kama punje za ulezi, mengi kwa herufi za Kijapani, na hayakufuata mpangilio wowote waliouelewa. Mara kwa mara lilitokea moja la herufi walizozijua na Duncan akaruka, kisha akakuta ni la Mbrazili. Walifika ukurasa wa thelathini. Arobaini. Jeptoo alipendekeza waanze upya kwa kuwa pengine wameliruka. Haika alisema ngoja nikaoshe vikombe, akaenda kwenye sinki akafungua maji, kwa sababu hakutaka kuwapo watakapofika ukurasa wa mwisho.

Nyuma yake makelele yalikatika ghafla. Aligeuka. Kerubo alikuwa amevaa miwani, amekandamiza kidole cha shahada katikati ya ukurasa, kwa nguvu mpaka ukucha umekuwa mweupe. Duncan alikuwa anajaribu kukibandua.

"Toa kidole tuone, mama."

"Mwenyewe kwanza," alisema Kerubo. "Hakuna anayeona kabla ya mwenyewe."

Haika alikwenda na mikono inayochuruzika, akaifuta kwenye sketi mara mbili, akainama. Kerubo akainua kidole.

Lilikuwa jina kama mengine, halikupambwa wala kuwekewa alama, kati ya mtu wa Osaka na mtu ambaye hawakuweza kumsoma. Haika alilisoma kwa sauti, herufi zote tisa, kisha Jeptoo akalisoma, kisha Duncan kwa sauti yake ya besi, na mtu mmoja, hawakukubaliana baadaye ni nani, akaanza kupiga vigelegele.