Kipimo cha Okidi ya Mama Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alihudhuria semina ya siku mbili kuhusu magonjwa ya mimea, akarudi na cheti na lenzi ya kuning'iniza shingoni. Tangu siku hiyo wafanyakazi wa kitalu chetu cha maua ya okidi wakawa wanamwita Profesa. Walikuwa wanamcheka. Yeye akadhani ni heshima, akaanza kuitikia.

Profesa hapimi. Profesa anatazama. Anashika jani, anafumba jicho moja, anatoa hukumu: huu una virusi, tupa, huu mzima, acha. Mwaka jana alichoma mimea kumi na minane ambayo ilikuwa imebabuliwa na jua tu. Nilinyamaza wakati ule, na nikikumbuka najidharau karibu kama ninavyomdharau yeye.

Jumatatu akasimama mbele ya chungu cha mama mkwe. Okidi ile alipewa na marehemu baba mkwe mwaka ule waliooana, na ndiyo pekee iliyobaki kati ya alizopanda marehemu kwa mikono yake. Majani yalikuwa na madoa meusi.

"Virusi hivi," akasema. "Kesho inaingia kwenye pipa la moto."

Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwanangu, hii ni ya baba yako."

"Ugonjwa haujui ya baba wala ya nani, Mama."

Mkono uliniwasha kumzaba kibao. Nikasema, "Kesho tutaipima, Shemeji. Na ile nyeupe yako pia."

Akacheka. Nyeupe yake ndiyo iliyomvimbisha kichwa: ilishinda kwenye maonyesho, majani yanang'aa, haina doa hata moja. Mtu anayetibu kwa macho hawezi kuelewa kwamba mmea mgonjwa unaweza kupendeza.

Kupima kwenyewe si uchawi. Unakata kijipande cha jani, unakiponda ndani ya kifuko chenye maji ya dawa, unachovya kijiti cha karatasi. Mstari mmoja, mmea ni mzima. Miwili, una virusi. Wanawake wa kitaluni walielewa siku ya kwanza, maana ni kama kipimo cha mimba. Profesa mpaka leo anakishika juu chini.

Asubuhi wote walijipanga mezani. Nikapitisha kisu kwenye moto wa taa ya spiriti, nikakata jani la mama mkwe. Mstari mmoja; yale madoa ni ukungu, yanaisha kwa dawa. Nikapitisha kisu motoni tena, nikakata ile nyeupe. Mistari miwili, myekundu, hata asiye na lenzi aliiona.

"Kile kijiti cha Mama ni kibovu," Profesa akasema. "Rudia."

Nilikuwa nalisubiri neno hilo mwaka mzima. Nikakata jani jingine la mama mkwe huku nimemkazia macho, sitaki kukosa kuona uso unavyomshuka. Mstari mmoja. Wafanyakazi wakapiga makofi. Nikamwambia mbele yao kwamba cheti chake akakitumie kufungia karanga. Akainamisha kichwa, nami nikasikia raha, sitadanganya.

Mama mkwe aliinua chungu, akakikumbatia. "Asante, mwanangu. Sasa naweza kuigawa, kila mjukuu apate kipande chake."

Profesa hakuinua lenzi. Alikuwa anaangalia kisu mkononi mwangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ubishi wowote, "Shemeji, hii mara ya mwisho ulikichoma?"

Virusi vya okidi husafiri kwenye utomvu. Kisu kikitoka kwenye mmea mgonjwa bila kupita motoni, kinaupeleka ugonjwa kwenye mzima, na kijiti hakiwezi kuuona mpaka wiki kadhaa zipite. Mimi ndiye niliyewafundisha wote jambo hilo, na yeye nilimfundisha kwa kebehi, kama mtoto mzito wa kuelewa. Taa ilikuwa inawaka mbele yangu, karibu na kiwiko. Mimi nilikuwa natazama uso wake.

Wote walinigeukia. Mama mkwe naye alisubiri, chungu kifuani.

"Nilikichoma," nikasema. "Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

"Samahani, Shemeji," akasema, akaenda kumfungulia mama yake mlango.