Mashine Iliyomkataa Béni Monga

Mimi Kabamba, karani wa ofisi ya nyumba za familia za askari hapa Kamina, sipendi kompyuta, wala sioni haya kusema. Ya kwetu ilikataa kwamba marehemu Béni Monga ni Béni Monga. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya askari na kwenye cheti cha ndoa, herufi kwa herufi, jicho halioni tofauti. Mashine ikasema hao ni watu wawili. Kwa hiyo Lucienne, mkewe, si mjane wa askari, na Ijumaa atoke nyumbani na watoto wake wanne.

Carine, aliyetunga programu, alituonyesha kosa: mashine iliyoandika orodha huhifadhi é kama herufi moja, iliyoandika cheti huhifadhi e kivyake na alama ya juu kivyake.

"Iko mbio, lakini haina akili," alisema.

Basi tukaunda kamati. Wote humo ni Wamethodisti, na sisi hatuna pupa: tuliimba, tukaomba, tukaandika kanuni arobaini za kulinganisha majina. Mwalimu Yav, mmoja wetu, alidai iwepo kanuni ya majina yaliyolowa mvua. Mashine ikaanza kumkagua Béni asubuhi. Saa sita ilikuwa bado kwenye B, umeme ukakatika.

"Tuandike majina yote namna moja, mara moja tu, yanapoingia kwenye mashine," Carine alisema. "Kisha kulinganisha itakuwa kazi ya sekunde moja."

Nilifurahi kupita kiasi. Ila kwetu jina haliguswi mpaka mwenyewe afike kutia sahihi, na kamati haikutaka kulegeza. Nikamwambia Lucienne amlete mumewe.

"Papa, kama angeweza kuya, miye ningeitwa mujane?"

Aibu ilinishika. Ijumaa, wenzangu walipokwenda kula, nikapiga muhuri: MWENYEWE AMEFIKA. Nikamtilia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kufumba na kufumbua mashine ikakubali kwamba Béni ni Béni. Na kwa kuwa aliyefika ofisini hawezi kuwa maiti, ikafuta kifo chake, ikampa nyumba yeye na mkewe, bila kikomo.

Karatasi nilimpelekea Lucienne mimi mwenyewe, nimejaa kiburi. Aliisoma taratibu, kidole chake kikasimama penye muhuri. Akanivutia kiti, akakaa mbele yangu.

"Papa Kabamba," aliniuliza, "ile siku alifika kwenu, uliona alikonda?"