Kupandishwa kwa Lucius Gadsden

Siku ya kwanza ya mazoezi, wachezaji wa timu ya Wafumaji wa Tolliver waligonga viatu vyao vya misumari kwenye ngazi ili kutoa udongo. Lucius Gadsden hakugonga. Viatu vyake havikuwa na udongo. Tangu Jumatatu alikuwa hagusi chini. Kati ya soli zake na nyasi ungeweza kupitisha kiganja.

Meneja Stroud alimtazama, akatema tumbaku, akamwambia akashike nafasi yake kule nyuma, katikati.

Tolliver ni mji wa kiwanda cha pamba, Karolina Kaskazini, Marekani, na timu yake ya besiboli ilikuwa ya daraja la chini. Kazi yake ilikuwa kulea wachezaji mpaka timu kubwa ya jijini ipige simu kusema fulani apandishwe. Gadsden, mweusi pekee kikosini, ndiye aliyepiga mpira vizuri kuliko wote, na kila simu ilipolia alipandishwa mwingine. Pengine mwili wake ulichoka kusubiri, ukaanza kupanda wenyewe.

Refa alitafakari, akaamua kwamba mkimbiaji lazima aguse kila kituo, ule mfuko mweupe uliolazwa chini, ila sheria haisemi aguse kwa kiungo gani. Basi Gadsden akawa anainama na kuvipiga vituo kofi akipita.

Kufika Juni alikuwa usawa wa uzio. Mipira iliyokuwa ikitoka uwanjani aliidaka kama mtu anayeanua nguo. Weusi, waliokaa upande wa jua kwenye mbao zisizo na paa, walimjua kwa soli. Weupe walimpigia makofi kutoka kivulini. Safarini, basi liliposimama kwenye mgahawa wa weupe, wenzake waliingia kula. Yeye aliletewa mkate kwenye karatasi, sasa kwa kupitia paa la basi.

“Gadsden, ukigonga wingu tutalowa,” alitania Dwight Purcell, kijana aliyelinda kituo cha pili.

“Usiogope. Kwa upigaji wako huo, mpira haupangusi hata umande wa nyasi.”

Mwezi Agosti Wafumaji walichukua ubingwa, na simu ikalia. Gadsden alikuwa nje ya dirisha la ofisi, ghorofani, kofia mkononi. Stroud, tumpe haki yake, alilitaja jina la Gadsden kwanza. Mtu wa timu kubwa akauliza kama ndiye yule anayeelea. Stroud akajibu ndiye.

“Sasa apandishwe wapi? Si yuko juu tayari?”

Stroud alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akamtaja Purcell.

“Mwakani, kijana,” alimwambia Gadsden dirishani. Gadsden alikuwa amemzidi Stroud umri.

Jioni ile alipita juu ya paa la nyumba yake bila kusimama. Mkewe, Verdell, alitoka jikoni akifuta mikono.

“Wamesemaje?”

“Mwakani.”

Gadsden alikuwa ameupita kwa kimo mnara wa maji wa kiwanda.

“Huko ulipo unaona nini?”

“Naona mpaka kwenye uwanja wao. Taa zinawaka. Nyasi nzuri sana, Verdell.”

“Na watu wetu, unawaona?”

“Nawaona. Wanafagia chini ya viti.”

Verdell alifungua kamba ya kuanikia, akairusha mara kadhaa mpaka Gadsden akaidaka. Akamvuta taratibu, mkono kwa mkono, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na kesho yake kulikuwa na mazoezi.