Geti la Popo

Popo walitapakaa kwa mamia nyuma ya geti la pango, mbawa zimevunjika, na Boikanyo alijua papo hapo ni nani aliyewaua. Ni yeye mwenyewe. Alimwambia fundi azibane nondo kama za dirisha la duka, mkono wa mtu usipenye, na kwa ile haraka ya kuwakomoa wachota mbolea ya popo hakujiuliza popo nao watapitaje wakitoka kwa kasi, kundi zima, jua likizama. Miaka nenda miaka rudi anatambaa mapangoni kwa tumbo, anafundisha watu wasiguse hata kijiwe, halafu hili! Alikaa kwenye matope akalia kwa aibu.

Alipofika kgotla, barazani kwa mkuu wa kijiji, alikuta wachunga ng'ombe wameshaleta habari, na watu wameshampata mkosaji wao.

"Ni Mma Gaone tu!" alifoka Rra Tshiamo, mwenye duka. "Kawatilia sumu. Si alikatazwa kuchota mavi yao mwaka jana? Kikulacho ki nguoni mwako, jamani."

Mma Gaone, muuza mboga, alikuwa amekaa peke yake, mikono mapajani. Mwaka jana, hapo hapo barazani, Boikanyo alimnyooshea kidole akamwita muuaji wa popo, wakwe wa mama huyo wakisikia. Tangu siku hiyo bustani yake ilidhoofu kwa kukosa mbolea, na watoto wakawa wanamzomea njiani.

Boikanyo alisimama. Shetani naye hakai mbali: alimnong'oneza kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wazee wangu, si Mma Gaone. Ni mimi. Geti langu ndilo limewaua. Nondo niliagiza zibanane mno."

Kisha Rra Tshiamo akaangua kicheko.

"Haya, oneni moyo wa binti huyu! Anambebea mtu dhambi zake!"

Watu wakapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mkuu wa kijiji akatikisa kichwa kwa upole. "Una huruma kupita kiasi, mwanangu. Umechoka. Kaa upumzike."

Makofi hayo, bora wangemzaba nayo usoni! Sifa aliyojijengea kwa kumdhalilisha mama wa watu ndiyo iliyowafanya wasimwamini. Alimgeukia Mma Gaone, labda akitaraji msamaha, labda neno lolote la kumtuliza.

"Unanitazamia nini?" Mma Gaone alimwuliza. "Mwaka jana uliponitaja mimi, ulisema mara moja tu wakaamini. Leo sema mpaka waamini."

Mkuu alimwashiria tena akae. Boikanyo hakukaa. Uso ukiwaka moto, alianza upya, kuanzia siku alipompa fundi kipimo.