Nyota ya Tatu na Jiko la Wageni

Hoteli yetu ina nyota mbili, na sioni haya kulisema hilo hata mbele ya wenye tano. Tuko mkabala na hospitali kubwa. Wageni wetu hawaji kustarehe, wanakuja kuuguza. Ndiyo maana chini, karibu na mapokezi, tuna chumba chenye majiko ya gesi, masufuria na sinki, ambamo mgeni anajipikia chakula cha mgonjwa wake. Muulize yeyote kwa nini karudi kwetu. Hatataja shuka wala televisheni, atataja jiko.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye nusu ya hoteli, tunamwita Bosi. Tulianza kwa utani, mwenyewe akaamini. Yeye aliitaka nyota ya tatu kama mtoto anavyotaka pipi. Kanuni za nyota tatu zinadai chumba cha mikutano, na chumba cha ziada hatuna isipokuwa kile cha majiko.

"Dada, tutanuka vitunguu mpaka lini? Hii ni hoteli!"

"Mikutano ya nani, Bosi? Ya wauguzaji?"

"Nyota inaita wateja."

"Kizuri chajiuza, mdogo wangu. Huko kwingine ni kufa na tai shingoni."

Aliniganda kama kupe, tukaafikiana. Mkaguzi aje. Akitupa nyota, majiko yang'olewe. Akitunyima, Bosi asilitaje tena jambo hilo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika tutanyimwa.

Siku ya ukaguzi Bosi alifunika majiko kwa ubao mrefu na kitambaa cheupe, akapanga viti, chupa za maji na maua. Alijua kupamba, sikatai. Nilipoingia nikaona chumba kimependeza kweli, na hapo ndipo nilipoogopa. Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, alizunguka meza na uso wa kuridhika.

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee wa chumba namba sita, fundi saa, sufuria mkononi, karoti zimeshakatwa ndani. Mkewe alikuwa amelazwa ng'ambo ya barabara, na tangu juzi chakula cha wodini kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda.

Mzee alitazama kitambaa, akatazama maua. "Samahani, sikujua kuna kikao," akasema. "Nitarudi baadaye."

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia, na sote tulijua. Bosi alinikazia macho ya kuniomba. Nampenda mdogo wangu, lakini yeye alikuwa ameshiba. Nikaondoa maua, nikavuta kitambaa, nikainua ubao.

"Kikao kimeahirishwa, mzee. Karibu jikoni."

Mkaguzi alivua miwani. "Mama, mimi naandika ninachokiona. Bila chumba cha mikutano siwezi kuwapa ya tatu."

"Andika mbili, mama. Tena uzikoleze wino."

Mkaguzi alipotoka tu, Bosi akaja juu kama moto wa kifuu.

"Dada mzima unaniaibisha! Kwa ajili ya karoti!"

"Kwa ajili ya mgonjwa. Na ungekuja wewe na sufuria, ningefanya vilevile."

Mchana kutwa alikaa mapokezi amevimba, funguo anawarushia watu. Nilimwacha. Roho iliniuma kidogo kumwona vile, ila sikujuta.

Alasiri fundi saa akarudi kutoka hospitali. Mimi nilikuwa nakunja taulo pembeni. Alisimama mbele ya Bosi, akainamisha sufuria ili aone ndani. Ilikuwa tupu.

"Kamaliza," alisema. "Anauliza kama jioni atapata tena."

Bosi akainuka, akaipokea ile sufuria kwa mikono miwili.

"Lete nioshe, mzee," akasema. "Karoti zimebaki, au nikimbie sokoni?"